Leza mbili, anwani moja

SWALI: Nimeunganisha moduli mbili za leza aina ya VL53L0X kwenye ESP32, nipime maji ya matangi mawili yanayopakana. Moja ikiwa peke yake inasoma vizuri. Zikiwa pamoja, vurugu tupu.
Msomaji, Kikwe, Arumeru

JIBU: Nyaya zako za SDA na SCL hazina kosa. Kila VL53L0X huwaka na anwani ileile, 0x29, hivyo zote mbili huitika kwa pamoja. Peleka pini ya XSHUT ya kila moduli kwenye ESP32. Zima zote, washa moja, ipe 0x30, ndipo uwashe ya pili. Programu ifanye hivyo kila inapoanza, kwani umeme ukikatika (na utakatika) anwani mpya hupotea. Halafu elesha boya jeupe: maji maangavu hupitisha miale, kipimo kikadanganya. Tangi likizidi mita 2, tafuta kipimo kingine.