Umeingia ofisi ya ushauri wa fedha Kalemie? Anza na daftari la mteja

Mdogo wangu, ofisi ya ukubwa wa kati haina idara kwa kila jambo. Asubuhi utaingiza hesabu, mchana utasubiri DGI, ofisi ya kodi, ukiwa na mafaili, jioni utamweleza mteja kwa nini benki imemkatalia mkopo. Shika haya mapema.

Jua pesa ya mteja inaingia lini. Mama anayeuza ndagala hafuati mwisho wa mwezi. Anafuata mwezi wa angani. Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, kwa hiyo mitumbwi inalala pwani. Ukimwekea rejesho la mkopo kila tarehe 30, kuna miezi atachelewa ingawa biashara yake ni nzima kabisa. Kaa naye na kalenda, tia alama siku za mwezi mpevu miezi sita mbele, kisha mwende pamoja benki mkaombe tarehe zinazofuata usiku wa giza. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na inaweza kumwokoa na riba ya kuchelewa.

Usichanganye franka na dola. Mteja wako ananunua kwa dola, anauza kwa franka, na sehemu anapokea kwa M-Pesa. Daftari lake limeweka vyote kwenye safu moja. Mchoree mpya: tarehe, franka, dola, kiwango cha siku hiyo. Safu ya mwisho ndiyo watu huiacha, na ndiyo muhimu kuliko zote, maana vitabu vya SYSCOHADA, mfumo wa hesabu wa nchi za OHADA, vinaandikwa kwa franka za Kongo.

Tuseme Mama ameweka dola 100 sandukuni siku dola moja ni franka 2,300. Ni franka 230,000. Anazibadilisha siku dola imeshuka hadi 2,200, anapata 220,000. Franka 10,000 hazionekani. Bila kiwango kwenye daftari, macho yote yanamgeukia kijana wa duka. Nimeona kijana akifukuzwa kwa hesabu ya namna hii, na hakuwa ameiba hata moja. Kwa hiyo andika kiwango kila siku, hata siku ambayo hakijabadilika.

TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16, na tangazo lake linapelekwa kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita. Wewe jiwekee tarehe 8. Umeme utakatika, mtandao utalala, mteja atakuwa safarini Moba na risiti zake mfukoni. Siku saba hizo ni zako za kuhangaika bila faini.

Kumbuka saa pia. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, Kigoma iko mbele kwa saa moja. Ukifika kazini saa mbili asubuhi, mpigie kwanza muuzaji wa Kigoma. Wa Kinshasa mwache hadi saa nne. Na saa kumi na moja jioni, ukiwa unafunga mafaili, Kinshasa bado ni saa kumi: jaribu simu ya mwisho.

Risiti zipige picha siku ileile. Zile za mashine hufifia, na unyevu wa ziwa unaharibu karatasi haraka. Nakala halisi weka kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko, juu ya meza, si sakafuni. Sheria ya OHADA inataka zihifadhiwe miaka 10.

Ripoti utaiandika kwa Kifaransa, lakini mteja mweleze kwa Kiswahili. Fanya zoezi hili kabla hajafika: simulia ripoti yote kwa dakika tatu bila neno moja la Kifaransa. Kwa mfano, bilan ni mali uliyo nayo na madeni unayodaiwa. Ukikwama mahali, basi hapo hujaelewa wewe mwenyewe. Rudi kwenye karatasi.

Ukitaka kupanda haraka, jifunze SYCEBNL. Ni mfumo wa hesabu wa mashirika yasiyotafuta faida, umeanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, na mji wetu umejaa mashirika. Wakubwa wengi wamezoea mfumo wa zamani. Ukiujua vizuri, watakuita mezani.

Mji ni mdogo. Mshindani wa mteja wako huenda ni shemeji yako. Namba za mteja haziongelewi kwenye pikipiki, wala kanisani, wala kwenye mchango wa likelemba.

Jambo la mwisho sikulegezei. Siku moja mteja mzuri, mwenye heshima, atakuomba vitabu viwili: kimoja cha benki kinachoonyesha faida, kimoja cha DGI kinachoonyesha hasara. Au atataka utie sahihi kama mhasibu mtaalamu, na jina lako haliko kwenye orodha ya ONEC, chama cha wahasibu wataalamu. Mjibu siku hiyohiyo, kwa adabu, mkubwa wako akiwa amekaa hapo: "Papa, hiyo hatufanyi. Lakini lete daftari lako la kweli, tuone linaweza kukopa kiasi gani."