Kukijua Kitu Kabla ya Kukitungia Sheria



Katika Usul al-Fiqh tunafundishwa kanuni fupi: hukumu ya kitu ni tawi la kukielewa kitu chenyewe. Ndiyo maana mufti akiulizwa kuhusu dawa mpya, humwuliza kwanza tabibu imetengenezwa kwa nini, kisha ndipo hutoa fatwa. Leo nataka tuzipime kwa kanuni hiyo sheria mbili za hapa Uganda.

Kuanzia tarehe 1 Julai 2018, aliyetaka kutumia WhatsApp, Facebook au Twitter alitakiwa kulipa shilingi 200 kwa siku. Kampuni za simu ziliifunga mitandao hiyo kwa asiyelipa. Sheria ilisimama juu ya dhana moja: kwamba kampuni ya simu huona daima mteja wake anakwenda wapi kwenye intaneti. Sivyo. VPN huyafunga mawasiliano ya simu kwa siri na kuyapitisha kwanza kwenye seva nyingine, mara nyingi iliyo nje ya nchi. Kampuni huiona seva hiyo tu. Ya mbele yake haiyaoni. Watu wengi wakapitia huko. Serikali ilitarajia shilingi bilioni 284 katika mwaka wa fedha 2018/19. Zilizopatikana ni bilioni 49.5 hivi.

Mzigo ulimwelemea nani? Asiyeijua VPN: mzee wa kijijini, au mama anayepokea oda za biashara yake kwa WhatsApp. Mjuzi alipita bure, asiyejua akalipa. Hapo suala si la ufundi tena, ni la uadilifu.

Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya data, isipokuwa data ya huduma za tiba na elimu. Nia ni njema. Lakini mwanafunzi akinunua bando, asubuhi akasoma makala ya darasani na jioni akatazama mpira, kampuni itatenganishaje? Bando huuzwa kabla haijajulikana litatumika kwa lipi.

Sisemi kila mbunge awe mhandisi. Qur'ani, katika Surat An-Nahl aya ya 43, inatuelekeza kuwauliza wenye ujuzi tusipojua. Kutojua si aibu. Kuhukumu bila kuuliza ndiyo dhuluma, kwa sababu anayeumia ni mwingine.

Nasi tusikae pembeni. Kamati za Bunge hupokea maoni ya wananchi miswada inapojadiliwa. Wenzetu wanaosoma kompyuta waandike ukurasa mmoja, kwa lugha nyepesi, kueleza jinsi kitu kinavyofanya kazi. Sisi wa masomo ya Kiislamu tuongeze ukurasa wa pili: nani atanufaika, nani atadhurika. Muswada ujao wa mitandao ukifika kamatini, kurasa hizo mbili ziwe zimetangulia.