Mlio wa Kugonga Ubavuni mwa Injini: Ugonjwa wa Altaneta ya Pikipiki na Tiba Yake

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, pikipiki ni chombo kisichoweza kuachwa. Kutoka Sirari na Nyamongo hadi Mugumu, Nata na Issenye, ndicho kimbebacho mgonjwa kumfikisha hospitalini, kipelekacho mazao sokoni na kinachomwezesha kijana kupata riziki yake. Nyingi kati ya pikipiki hizo zimekwisha kutumika miaka mingi katika njia za changarawe, ambapo mtikisiko hulegeza bolti na vumbi huingia kila mahali. Mojawapo ya magonjwa yanayozipata ni mlio wa kugonga ubavuni mwa injini. Mlio huo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni beringi za krenki zilizokufa. Injini nzima hufunguliwa, fedha nyingi hutumika, na mlio hubaki pale pale. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua iwapo chanzo ni altaneta, na namna ya kuitengeneza.

Altaneta ni nini?

Mwaka 1831 mwanasayansi Michael Faraday wa Uingereza aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa koili, umeme hupita katika waya huo. Altaneta ya pikipiki hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Ina sehemu mbili: rota, yaani gurudumu zito lenye sumaku, lililofungwa kwenye ncha ya krenki, na stata, yaani koili zisizozunguka, zilizofungwa kwa bolti kwenye injini au kwenye mfuniko wake. Umeme unaotoka hapo huchaji betri na kuwasha taa, na katika pikipiki nyingine hutoa pia cheche za plagi.

Ncha ya krenki imechongwa kwa umbo la pia, na tundu la rota lina umbo hilo hilo. Nati ikikazwa, nyuso hizo mbili hushikana kwa nguvu sana. Kati yake huwekwa kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Wengi hudhani kwamba kipande hiki ndicho kinachoizungusha rota. Sivyo. Kazi yake ni kuiweka rota mahali pake, ili cheche itokee kwa wakati unaotakiwa. Mzigo wote hubebwa na mshikano wa pia.

Kwa nini rota hugonga?

Krenki ya injini ya silinda moja haizunguki kwa mwendo ulio sawa. Katika injini ya mapigo manne, mlipuko hutokea mara moja katika kila mizunguko miwili. Kila mlipuko huisukuma krenki kwa ghafla. Kisha krenki hupunguza mwendo inapokandamiza hewa. Rota, kwa kuwa ni nzito, hupenda kuendelea na mwendo iliokuwa nao. Ikiwa imelegea, hubaki nyuma kidogo kisha hutangulia kidogo, na kila mara hukigonga kile kipande cha nusu mwezi.

Injini inayozunguka mara 1,400 kwa dakika hupata milipuko 700 katika dakika hiyo, yaani 42,000 kwa saa. Ni dhahiri kwamba chuma chembamba hakiwezi kustahimili mapigo hayo kwa muda mrefu. Mwendo ukiongezeka, mzunguko hulainika na mlio hupungua au hutoweka. Kwa sababu hiyo mwenye pikipiki hudanganyika, akadhani kwamba ugonjwa umepona.

Kutambua chanzo

Kwanza, injini ipashwe moto, kisha iachwe izunguke polepole. Fundi aweke ncha ya bisibisi ndefu kwenye mfuniko wa altaneta, na mpini karibu na sikio lake. Kisha afanye vivyo hivyo kwenye silinda na kwenye klachi. Mahali penye mlio mkali zaidi ndipo pa kuanzia.

Pili, mkono wa klachi ubanwe huku gia ikiwa huru. Mlio ukibadilika, klachi ishukiwe. Mlio ukitoka juu, karibu na valvu, huenda nafasi za valvu zimezidi, au mnyororo wa kuendesha valvu umelegea. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba injini ya Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, na zile nyingi za China zilizoiga muundo wake, hazina mnyororo huo. Valvu zake husukumwa na fito. Mlio mzito unaozidi pikipiki inapopanda mlima na mzigo waweza kuwa wa beringi ya mkono wa pistoni.

Tatu, injini izimwe, ipoe, na mfuniko wa altaneta ufunguliwe. Katika baadhi ya injini oili itamwagika, kwa hiyo chombo cha kuikinga kiwe tayari. Mstari wa chaki uchorwe kutoka kwenye rota hadi kwenye ncha ya krenki. Gia ya juu iingizwe, msaidizi akanyage breki ya nyuma, na fundi aitikise rota kwa mkono. Mstari ukikatika, rota imelegea. Mstari usipokatika, lakini rota na krenki zikacheza pamoja juu na chini, basi beringi za krenki ndizo zilizochakaa, na kazi ni kubwa.

Aidha, fundi achunguze mambo yafuatayo: bolti za stata zilizolegea, sumaku iliyobanduka, ribiti zilizolegea katikati ya rota, nati ndogo au chembe za chuma zilizonaswa na sumaku, na alama za kung'aa zinazoonyesha kwamba rota imekuwa ikikwaruza stata. Katika pikipiki zenye starta ya umeme, bolti za klachi ya starta iliyo nyuma ya rota nazo zikaguliwe. Hata Triumph na BSA za miaka ya 1960, zilizotumia altaneta ya Lucas, zilijulikana kwa rota kubanduka kwenye kitovu chake cha chuma, nao mlio wake ulifanana mno na wa beringi.

Kutengeneza

Rota ivutwe kwa pula yake. Nyundo isitumike kamwe, kwani hupasua sumaku na kupinda krenki. Nyuso za pia zisafishwe kwa petroli. Zikiwa na mikwaruzo midogo, rota isuguliwe juu ya krenki kwa unga laini wa kusagia valvu, kile kipande cha nusu mwezi kikiwa kimetolewa, mpaka nyuso zigusane pande zote. Kisha unga wote usafishwe. Kipande cha nusu mwezi kiwe kipya. Kilichokatika kidogo huhamisha wakati wa cheche, na injini huwa ngumu kuwaka.

Rota irudishwe ikiwa kavu, bila oili wala grisi kwenye pia. Nati ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo. Kabla ya kufunga mfuniko, injini izungushwe kwa mkono ili kuhakikisha kwamba rota haigusi stata.

Rota ambayo sumaku au ribiti zake zimelegea haifai kuchomelewa. Joto kali hupunguza nguvu za sumaku, na uzito usiolingana huiua beringi. Inunuliwe nyingine.

Pikipiki yenye mlio huu isipewe safari ndefu. Rota iliyolegea huila ncha ya krenki kidogo kidogo. Siku tundu la kile kipande likipanuka, tiba ya nati moja hugeuka kuwa gharama ya krenki mpya, tena pengine usiku, njiani, abiria akiwa mgonjwa.