Dawa za filamu ya rangi nitazipata wapi?

*Nimezunguka Moi Avenue na River Road nikitafuta dawa za kusafishia filamu ya rangi nyumbani. Sijapata. Nifanyeje? Msomaji, Kangemi*

Usikate tamaa. Studio nyingi zilihamia dijitali, ndiyo maana dawa za C-41, yaani za kusafishia filamu ya rangi, zimeadimika. Agiza za unga kutoka nje, kwani za maji husumbua kusafirishwa kwa ndege. Pakiti ya lita moja husafisha takriban filamu nane. Glavu, kipimajoto na chupa za kahawia utavipata mjini. Chupa ya dawa ya kwanza iweke ndani ya beseni la maji moto mpaka ifike nyuzi 38, kisha imimine kwenye filamu na uhesabu dakika 3 na sekunde 15. Joto likishuka, rangi huharibika. Fungua dirisha. Dawa ikiruka machoni, osha kwa maji mengi dakika 15, kisha nenda hospitali.