Chujio la Hewa na Nguvu za Motokaa

Kila mwenye motokaa hupenda kusikia kwamba injini yake yaweza kuongezewa nguvu kwa fedha kidogo. Basi huko Dagoretti Corner, mahali Barabara ya Naivasha inapotengana na Barabara ya Ngong, kama penginepo palipo na mafundi jijini Nairobi, huenda akashauriwa alitupe chujio la karatasi lililotoka kiwandani, anunue lile la kitambaa cha pamba kilichotiwa mafuta, lenye umbo la pia. Je, gari litakimbia zaidi na kunywa petroli kidogo?

Ni kweli kwamba petroli haiwaki bila hewa, na injini ipatayo hewa nyingi hutoa nguvu nyingi. Lakini chujio si kizuizi cha pekee. Katika njia ya hewa mna kilango kifunguliwacho na mguu wa dereva. Gari linapojikokota katika msongamano wa Barabara ya Ngong, kilango hicho kimefungwa karibu chote. Kupanua mlango wa nje, hali wa ndani umefungwa, kuna faida gani? Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, chujio jepesi laweza kuongeza nguvu kidogo, hata aghalabu haitambui. Atakachotambua ni mngurumo, naye hudhani mngurumo ndio nguvu.

Tena iko sababu ya mahali. Dagoretti Corner, penye makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ni karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kama sehemu nne katika tano za ile ya Mombasa. Injini isiyo na mtambo wa kushindilia hewa hupoteza nguvu nyingi kwa ajili ya kimo hicho, wala hakuna chujio liwezalo kuzirudisha.

Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge, huko Marekani, ilipima motokaa zenye machujio safi na zenye machujio yaliyoziba. Katika motokaa za petroli za kisasa, zisizo na kabureta, chujio lililoziba lilipunguza wepesi wa kuongeza mwendo, lakini halikuzidisha ulaji wa petroli kwa kiasi cha maana. Basi lile la fahari litaupunguza kwa njia gani?

Hasara iliyo kubwa hutoka katika vumbi. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya husaga ringi za pistoni mpaka gari likatoa moshi wa buluu. Kitambaa chenye matundu mapana hupitisha hewa upesi, na vumbi jembamba nalo hupita. Mafuta yake yakizidi huweza kuchafua kipimo cha hewa, injini ikaanza kukohoa. Nalo chujio la umbo la pia, likiachwa wazi chini ya boneti, huvuta hewa ya moto, na nguvu hupungua. Hata motokaa za Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, zimefungwa mabomba marefu ya kuvuta hewa ya juu, isiyo na vumbi jingi.

Kwa hiyo msomaji aendaye mara kwa mara Kajiado kwa njia za vumbi na abadili chujio la karatasi mapema kuliko kitabu cha gari kisemavyo, akague na mpira wa ukingoni usiwe umepasuka. Asilioshe kwa maji, wala asilipulize kwa pampu ya magurudumu, maana karatasi hutoboka, na tundu dogo halionekani kwa macho.