Tezi, Homoni na Chumvi ya Jikoni

Tezi za mate na za jasho zina vijia vya kutolea maji yake mdomoni au juu ya ngozi. Zipo nyingine zisizo na kijia chochote. Hizo humimina kemikali zake moja kwa moja kwenye damu, nayo damu huzifikisha zinakohitajika. Kemikali hizo ndizo homoni. Kiasi chake ni kidogo mno, lakini zikipungua au kuzidi mtu hubadilika umbo na hata tabia, majirani wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa au amekuwa mvivu.

Chini ya ubongo ipo tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere, inayoziamuru tezi nyingine nyingi. Hutoa homoni ya ukuaji, na humwaga oksitosini mtoto anaponyonya: maziwa hutiririka, mji wa mimba hujikaza na damu ya uzazi hupungua. Ndiyo maana mkunga huhimiza mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Juu ya figo kuna adrenali, zinazoufanya moyo wako udunde ukikutana na nyoka njiani. Ovari na korodani hushughulikia balehe na uzazi.

Nyingine mbili, thairoidi na kongosho, tuzitazame kwa kirefu, kwa kuwa familia yenyewe inaweza kuzisaidia.

Thairoidi iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Ndiyo inayopanga kasi ya mwili kutumia chakula. Homoni yake ikipungua, mtu husikia baridi wenzake wakitokwa jasho, huongezeka uzito, hupata choo kigumu na huchoka hata akilala vya kutosha. Ikizidi, hukonda ingawa anakula vizuri, mikono hutetemeka na moyo huenda mbio. Tezi hii haifanyi kazi bila madini joto, na mvua za miaka mingi zimeyaosha kwenye udongo wa milimani. Kwa sababu hiyo goita ilienea sana nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kama Iringa na Mbeya. Uvimbe huo wa shingo huonekana na kila mtu. Hasara kubwa zaidi haionekani. Mama akipungukiwa sana na madini joto wakati wa ujauzito, ubongo wa mtoto hudumaa, na hauponi baadaye.

Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Ya mawe inayopimwa kwa kopo sokoni mara nyingi haina. Hiyo ya pakiti ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moto wa jiko, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Lakini usizidishe. Kijiko kimoja cha chai kwa siku, kwa vyakula vyote, kinamtosha mtu mzima, na anayejiongezea mezani eti kwa ajili ya madini joto anajitafutia presha.

Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula. Insulini yake ndiyo inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia katika misuli na viungo vingine. Kabla ya Frederick Banting na wenzake kuipata huko Toronto mwaka 1921, mtoto ambaye kongosho lake limeacha kuitengeneza hakuwa na tumaini la kuishi. Leo huishi hadi uzee, mradi asikose sindano zake. Insulini isiwekwe kwenye friza, maana ikiganda imeharibika. Pasipo friji, chupa ifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, iwekwe kwenye chungu chenye unyevu, kivulini.

Dalili za mtoto aliyeishiwa insulini huja haraka. Anakunywa maji bila kukata kiu, anakonda, na aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu na kutoa pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva, hiyo ni dharura. Wengi hudhani ni malaria. Mkifika zahanati, kipimo cha malaria kifanyike, lakini ombeni na cha sukari hapo hapo: ni tone moja la damu ya kidoleni, na jibu hutoka kabla hamjainuka kitini.