Blogu ya Darasa: Mpe Mwanafunzi Msomaji

Daftari la insha lina msomaji mmoja tu, mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Mwanafunzi analijua hilo, ndiyo maana mwaka nenda mwaka rudi tunasahihisha "Siku Nisiyoisahau" ile ile: jua linachomoza, ndege wanaimba, ajali inatokea. Anaandika anachodhani tunakitaka. Blogu ya darasa humletea msomaji asiyejua habari zake, anayetaka kuelezwa.

Usianze na kompyuta, anza na ukuta. Kwa wiki tatu au nne kila mwanafunzi abandike nusu ukurasa wake, na wenzake wabandike chini yake vikaratasi vya maoni. Hapa ndipo penye kazi, wala usiharakishe. Wengi wataandika "Hongera, kazi nzuri." Yakatae. Weka sharti kwamba kila maoni yataje sentensi moja ya mwandishi na kuuliza swali ambalo jibu lake halimo.

Niliwahi kufundisha binti wa Kidato cha Pili aliyeandika mistari sita kuhusu mama yake anayeuza mihogo mibichi. Nilimpa 12 kati ya 20 na kuandika "Ongeza maelezo." Hakuongeza kitu. Ukutani, mwenzake akamwuliza, "Ikibaki jioni anaifanyia nini?" Kesho yake alileta ukurasa mzima: jinsi mihogo inavyomenywa na kuanikwa juu ya bati, makopa yanavyotwangwa, na kwa nini wakati wa masika hasara huingia nyumbani. Swali la mtoto mwenzake lilifanya ambacho kalamu yangu ilishindwa.

Mada ziwe ndogo: bei ya nyanya gulioni wiki hii, fundi baiskeli anavyoziba pancha, neno analotumia bibi ambalo sisi hatulitumii tena. Ukiwapa "Umuhimu wa Elimu" utarudishiwa insha ya mtihani.

Kwa kuwa shule nyingi haziruhusu simu kwa wanafunzi, rasimu ziandikwe kwa mkono na kuhaririwa wawili wawili. Darasa la watu 60 ligawe makundi 10 ya watu sita, kundi moja lichape kila wiki kwenye kompyuta ya shule au simu yako. Ndani ya wiki 10 kila mmoja amepata zamu. Unaposahihisha, shughulikia aina moja ya kosa kwa kila makala, mfano upatanisho wa ngeli, mengine yasubiri. Blogger na WordPress zinaweza kutumiwa bila malipo, na zote zinakuwezesha kuyapitia maoni kabla hayajaonekana.

Majina kamili, picha za sura na mahali anapoishi mtoto visiingie kabisa. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, basi barua ya ridhaa ya mzazi iwe mkononi mwako kabla ya neno la kwanza kuchapwa. Tanzania pia ina kanuni za maudhui ya mtandaoni zenye masharti ya leseni. Mkuu wa shule aulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kabla ya kuifungua blogu kwa umma. Mimi napendelea ibaki ya faragha, isomwe na wazazi na shule moja rafiki.

Hiyo shule rafiki ndiyo roho ya jambo lenyewe, na ni wazo la zamani kuliko intaneti. Miaka ya 1920 Célestin Freinet, mwalimu wa kijijini kusini mwa Ufaransa, aliingiza mashine ndogo ya kuchapa darasani. Watoto wake wakachapa habari za kijiji chao na kubadilishana na watoto wa Bretagne, upande mwingine wa nchi.

Tafuta basi shule ya mbali. Mwanafunzi wa Moshi akiandika kwamba dada yake aliyejifungua alipikiwa mtori, wa Lindi atauliza mtori ni nini. Jibu hilo liwe makala ya wiki inayofuata.